Besi Iliyojaa: Soma Kabla Hujanunua Pikapu Mpya

Mpiga gitaa la besi akiwa peke yake chumbani huwa hana malalamiko. Anapiga noti moja, dirisha linatetemeka, anatabasamu. Shida huanza bendi inapokutana. Ngoma zikishika kasi na magitaa mengine yakifunguliwa, besi ileile inamezwa. Mtetemo upo, unausikia tumboni, ila noti yenyewe huitambui. Mkono unakwenda kwenye amplifaya kuongeza besi, na kadiri unavyoongeza ndivyo noti inavyozidi kupoteza umbo. Wiki hiyohiyo mwenyewe anaanza kuulizia pikapu mpya.

Pikapu ninayoizungumzia si lile gari la kubebea mizigo. Ni kile kidude chenye sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Zipo za kila namna, na kila tangazo linaahidi sauti ya joto, nene, yenye nguvu. Mimi nimefungua na kufunga magitaa mengi, yangu na ya wenzangu, na nimefikia kuamini kwamba besi nyingi zinazolalamikiwa kuwa nyembamba hazina pikapu mbaya. Zina pikapu nzuri zinazonyang'anyana sauti, au zilizoungwa kwa namna inayomwaga uzito njiani.

Uzito uko wapi hasa

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutikisika mara 41.2 kwa sekunde, yaani hezi 41.2. Hiyo ndiyo noti ya msingi. Papo hapo uzi huohuo unatikisika pia kwa masafa ya mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea: hezi 82, 124, 165. Hizi ndizo hamoniki, na sauti tunayoiita "ya besi" ni mchanganyiko wake wote.

Wengi hudhani unene unakaa kwenye ile 41. Sivyo. Spika nyingi za besi huitoa kwa taabu, na spika ya simu haiitoi kabisa. Hata hivyo ukisikiliza wimbo kwenye simu huoni kwamba noti imebadilika, kwa sababu ubongo unapokea hamoniki na kujijazia msingi uliokosekana. Kile ambacho sikio hukiita ujazo kiko zaidi kati ya hezi 80 na 250 hivi. Kinachoifanya noti ijulikane katikati ya kelele kiko juu yake, kuanzia hapo mpaka karibu hezi 1,000. Ukiongeza yaliyo chini ya hezi 60 unaichosha amplifaya na kuitikisa samani, na uzito hauongezeki.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: pikapu na nyaya zangu zinafanya nini kwenye eneo la kati ya hezi 80 na 1,000?

Waya mwembamba kama unywele

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa kwenye koili. Pikapu ni kanuni hiyo tu. Sumaku zinaugeuza uzi wa chuma ulio juu yake kuwa sumaku dhaifu. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku unayumba, na waya uliozungushwa maelfu ya mara unatoa umeme mdogo unaofuata mwendo wa uzi. Waya wenyewe, ule wa kipimo cha 42 kinachotumika sana, una unene wa milimita 0.063. Ukishikwa vibaya na bisibisi hukatika bila kukuaga.

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa koili kwa kilo-omu, na wanunuzi huusoma kama nguvu za farasi: 11 ni bora kuliko 7. Hapo pana mtego. Omu zinakuambia urefu na wembamba wa waya, basi. Koili mbili zenye mizunguko sawa zitatoa omu tofauti kama moja imetumia waya mwembamba zaidi. Namba yenye maana ni indaktansi, inayopimwa kwa henri. Ndiyo inayoamua, pamoja na kapasitansi ya kebo (uwezo wake wa kushika chaji ya umeme), ni masafa gani pikapu itayainua kabla ya kuanza kukata sauti kali. Mizunguko ikiongezeka, indaktansi inapanda, sauti inakuwa kubwa, na kilele hicho, yaani masafa yanayoinuliwa, kinashuka kuelekea katikati. Ndiyo maana pikapu iliyozungushwa sana husikika nene lakini imefunikwa kidogo. Kama mtengenezaji anataja henri kwenye karatasi yake, isome kabla ya kusoma sifa nyingine zote.

Milimita zinazoamua kuliko bei

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwangu, lina uzito kuliko sumaku, waya na chapa kwa pamoja: mahali pikapu ilipo chini ya uzi.

Uzi umefungwa ncha mbili, kwenye nati upande wa shingo na kwenye daraja upande wa mwili. Karibu na daraja hautembei sana. Kadiri unavyoelekea katikati ndivyo unavyochezacheza. Chukua besi ya urefu wa kawaida, milimita 864 kutoka nati mpaka daraja. Pikapu iliyo milimita 70 kutoka kwenye daraja inauona mwendo wa noti ya msingi kwa kiasi cha robo tu ya upeo wake. Iliyo milimita 150 inauona kwa nusu. Iliyo milimita 216, robo kamili ya urefu wa uzi, inauona kwa asilimia 70 hivi. Hakuna waya wala sumaku itakayoweza kuiambia pikapu ya darajani kitu ambacho uzi haukukifanya mbele yake.

Mtu akishasikia hivyo anakimbilia kusema basi pikapu isogezwe shingoni kabisa. Gibson walifanya hivyo kwenye besi yao ya EB-0 iliyotoka mwaka 1959: pikapu moja kubwa yenye koili mbili, imebanwa mwisho wa shingo. Msingi ulijaa tele, hamoniki zikafichwa, na wapigaji wakaipa pikapu hiyo jina la utani linalotokana na matope. Inavuma kwa kina kizuri, ila mistari ya haraka huipigi nayo ikaeleweka. Mpiga besi Billy Sheehan aliweka pikapu ya aina hiyo shingoni mwa Precision yake, besi ya kampuni ya Fender, akaiacha ile ya asili mahali pake, kisha akazitoa kwa njia mbili tofauti: moja ibebe kina, nyingine ibebe noti. Alijua kwamba pikapu ya shingoni peke yake haitoshi.

Tazama sasa ile Precision yenyewe. Fender waliitoa mwaka 1951 ikiwa na koili moja, na mwaka 1957 wakaipa pikapu iliyokatwa vipande viwili, kimoja kwa nyuzi za E na A, kingine kwa D na G. Pikapu hiyo inakaa katika eneo la milimita 130 hadi 160 kutoka kwenye daraja. Ukikokotoa uzi wazi unafanya nini hapo kwenye milimita 150, unakuta kitu cha kupendeza: noti ya msingi inaonekana kwa nusu, hamoniki ya pili kwa karibu asilimia 90, na ya tatu karibu yote. Kwa uzi wa E hizo ni hezi 82 na 124, katikati kabisa ya eneo la ujazo. Hesabu hubadilika unapobana freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, maana uzi unafupika na pikapu haihami. Hata hivyo, sehemu ile inapokea mgao mzuri kwenye noti za chini, ambako besi hufanya kazi yake nyingi. Wengine husema sauti ya Precision ni muujiza wa mbao za zamani. Mimi nadhani Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alichagua mahali pazuri.

Jazz Bass ya Fender, ya mwaka 1960, ilileta pikapu mbili nyembamba, moja karibu na eneo hilo la Precision na nyingine karibu na daraja. Katika miaka ya 1970 ile ya darajani ilisogezwa kama sentimita moja zaidi kuelekea kwenye daraja, na wapigaji wanaolinganisha za miaka hiyo na za awali husikia tofauti: mpya ni kali zaidi, ya awali ni pana zaidi. Sentimita moja! Watu hubadilisha seti nzima ya pikapu wapate tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kisha kuna StingRay ya Music Man, mwaka 1976, yenye pikapu moja pana ya koili mbili iliyokaa kati ya maeneo hayo mawili, ikiwa na priampu ya betri, yaani kikuza sauti kidogo, ndani ya mwili. Mahali pake peke yake pangeifanya iwe na makali mengi. Priampu ndiyo inayomrudishia mpigaji besi ya chini.

Pikapu mbili zinapokataana

Mwenye Jazz Bass hufungua sauti zote mbili mpaka mwisho. Kwake nyumbani inapendeza: chini kuna kina, juu kuna mng'ao. Kwenye bendi inatoweka. Sababu yake si ya kichawi.

Hamoniki ya nane ya uzi wazi ina sehemu tulivu, isiyotikisika, kwenye milimita 108 kutoka darajani. Sehemu hiyo inaangukia katikati ya pikapu mbili, moja ikiwa milimita 70 na nyingine 150. Upande mmoja wa sehemu tulivu uzi unapanda, upande wa pili unashuka. Pikapu moja inasema "juu", nyingine inasema "chini", zikijumlishwa zinafutana. Hamoniki ya saba na ya tisa nazo hupungua sana. Kwa uzi wa E hapo ni kati ya hezi 290 na 370, mahali ambapo noti hupata sura yake. Kwa hiyo pikapu mbili zilizofunguliwa sawasawa huchimba shimo palepale ambapo besi ingesikika.

Tiba ya kwanza haigharimu chochote: punguza moja kidogo. Teremsha ile ya darajani mpaka kama tisa kati ya kumi, usikilize jinsi katikati inavyorudi. Ila kuna bei yake. Katika Jazz Bass pikapu hizo mbili zimezungushwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa, ili mvumo wa umeme wa majumbani, hezi 50 au 60, ufutane zote zikiwa sawa. Ukipunguza moja, mvumo unarudi kidogo. Wanaokereka nao huchagua pikapu za umbo la Jazz zenye koili mbili ndani, zilizopangwa moja juu ya nyingine au kila moja kwa nyuzi mbili.

Mpiga besi Jaco Pastorius aliutatua mgogoro huu kwa njia yake: kwenye Jazz yake ya mwaka 1962 aliegemea pikapu ya darajani. Kwa hesabu za hapo juu sauti yake ingekuwa nyembamba. Lakini katikati yake haijachimbwa, na ndiyo maana kila noti yake inasimama.

Huko kufutana kwa hamoniki ni tabia ya kawaida ya pikapu mbili. Kuna kufutana kwingine ambako ni kosa la fundi, nako ni nyaya za pikapu moja kuunganishwa kinyume. Hapo kinachofutwa ni msingi wenyewe na hamoniki za chini, zile ambazo pikapu zote mbili huziona kwa mwelekeo mmoja. Sauti inakuwa ya puani, kama redio iliyo ndani ya ndoo. Niliwahi kuishi na besi ya namna hiyo kwa miezi kadhaa baada ya kuibadilishia pikapu ya darajani. Nililaumu nyuzi, nikalaumu amplifaya, nikaanza hata kuweka akiba ya seti nyingine. Siku moja nikagundua kwamba pikapu moja ikiwa peke yake inasikika kubwa kuliko zote mbili kwa pamoja. Dalili hiyo ikiwepo, usitafute tena: zimepingana.

Kuhakikisha ni rahisi. Weka multimita kwenye kipimo cha milivolti, unganisha na pikapu moja, kisha gusisha ncha ya bisibisi ya chuma juu ya sumaku na uiondoe ghafla. Tazama kama namba inaruka kwenda chanya au hasi. Fanya hivyo kwa pikapu ya pili, waya wa moto na wa erthi vikiwa vimeshikwa kwa mpangilio uleule. Zikiruka kwa pande tofauti, badilishana nyaya mbili za pikapu moja. Angalia tu kama kifuniko cha chuma au waya wa kukinga kelele umeungwa na waya wa erthi ndani ya pikapu. Kama ndivyo, utenganishe kwanza, la sivyo kifuniko chenyewe kitageuka kuwa antena.

Mfululizo au sambamba

Hapa ndipo penye unene wa kweli unaoweza kupatikana kwa swichi moja, na ninashangaa jinsi watu wanavyopita bila kupaona.

Pikapu mbili, au koili mbili za pikapu moja, zinaweza kuungwa kwa njia mbili. Kwa sambamba, kila moja inapeleka waya wake wa moto mahali pamoja na waya wake wa erthi mahali pamoja. Kwa mfululizo, mwisho wa ya kwanza unaingia mwanzo wa ya pili, kama mabehewa. Jazz Bass ya kawaida ni sambamba. Vipande viwili vya Precision ni mfululizo. StingRay ya asili ni sambamba.

Kwa mfululizo umeme wa pikapu mbili hujumlishwa. Kwa sambamba matokeo hukaribia wastani wake. Tofauti kati ya njia hizo inafika kama desibeli 6, na hiyo inasikika hata na asiye mwanamuziki. Lakini ukubwa wa sauti ni nusu ya habari. Chukua pikapu ya henri 4, iungwe kwenye kebo na vikorokoro vyenye kapasitansi ya jumla ya pikofaradi 700. Kilele chake kitakuwa karibu na hezi 3,000. Ziunge mbili kwa sambamba, indaktansi inashuka mpaka 2 na kilele kinapanda hadi hezi 4,200 hivi: mng'ao, uwazi, nafasi nzuri ya kupiga kwa kidole gumba. Ziunge kwa mfululizo, indaktansi inakuwa 8, kilele kinashuka mpaka hezi 2,100, na kila kilicho chini yake kinasogea mbele. Katikati inanenepa, makali yanalainika. Jazz Bass iliyounganishwa hivyo inakaribia sana Precision, ikiwa na kifua kipana zaidi.

Katika Jazz, njia iliyozoeleka ni kubadilisha potenshiomita moja (kipande kilicho chini ya nobu, poti kama tunavyoiita) kwa ile inayovutwa juu na kusukumwa chini, yenye swichi chini yake. Ikiwa chini, besi inabaki ya kiwandani. Ukivuta, pikapu zinapangana mfululizo. Ila nobu mbili za sauti hubadilika tabia ukiwa kwenye mfululizo: kwa michoro mingi moja inakuwa ya sauti yote na nyingine haifanyi tena kazi uliyoizoea. Ukitaka unadhifu, weka nobu moja ya sauti, moja ya toni, na swichi ya kuchagua: shingo, daraja, sambamba, mfululizo. G&L, kampuni ya mwisho ya Leo Fender, waliiweka swichi ya namna hii kwenye besi yao ya L-2000 tangu kiwandani.

Pikapu ya koili mbili yenye nyaya nne inakuruhusu kufanya hivyohivyo ndani ya pikapu moja. Kwa hiyo unaponunua, nyaya nne ni bora kuliko mbili, hata kama leo huna mpango nazo.

Poti, kapasita, na imani za watu

Ishara kutoka kwenye pikapu ni dhaifu, na kila poti ni mlango mdogo unaovujisha sehemu yake kwenda erthi. Precision ina poti mbili za kilo-omu 250, kwa pamoja mzigo wa 125. Jazz ina tatu, ambazo zote zikiwa wazi zinashuka mpaka kama 83. Mzigo huo hubonyeza kile kilele cha juu. Wengine husikia hivyo na kuweka poti za 500. Watapata mng'ao zaidi, hilo ni kweli, lakini anayetafuta unene amekwenda kinyume. Baki na 250.

Kapasita ya toni nayo ina hadithi nyingi kuliko inavyostahili. Nobu ya toni ikiwa wazi kabisa, kapasita haina la kusema. Ukiifunga, kilele kinahama: kwa pikapu yetu ya henri 4, kapasita ya nanofaradi 47 inakipeleka karibu na hezi 370, ya 22 karibu na 540, ya 100 karibu na 250. Hapo hutokea kijilima, na juu yake sauti inaporomoka. Mimi napenda ya 22, kwa sababu nobu ikifungwa yote bado inaacha katikati, na noti haigeuki kishindo. Kuhusu kapasita za zamani za karatasi na mafuta zinazouzwa kama vito, thamani yake ya nanofaradi ikiwa ileile, siamini kama sikio litatofautisha.

Jambo dogo linalowapotezea watu siku nzima: katika Jazz, waya wa pikapu huungwa kwenye mguu wa kati wa poti ya sauti, na sauti inatoka mguu wa pembeni. Ukiunga kinyume, ukifunga nobu moja besi yote inazimika.

Kebo nayo ni sehemu ya sakiti. Ya kawaida ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo kebo ya mita 10 inalainisha makali kuliko ya mita 3. Na unapochomeka, tafuta tundu lililotengenezwa kwa ajili ya gitaa, lenye ukinzani wa karibu megaomu 1. Besi isiyo na betri ikichomekwa kwenye tundu la vifaa vya kawaida lenye kilo-omu 10, inapoteza sauti na makali kwa mpigo mmoja, kisha lawama inakwenda kwa pikapu.

Betri

Priampu inakupa nguvu ya kuongeza na kupunguza masafa ndani ya besi, na inaikinga ishara dhidi ya kebo ndefu. Kwa wengi hiyo ndiyo maana ya "besi ya kisasa". Mpiga besi Marcus Miller aliweka priampu kwenye Jazz yake ya mwaka 1977, na sauti ile imefuatwa na wengi. Lakini priampu inaongeza kilichopo. Kama pikapu mbili zimekwisha futana kwenye hezi 330, kuinua hapo ni kuinua mabaki. Tengeneza muungano kwanza.

Volti 18 badala ya 9 hazikupi sauti kubwa zaidi; zinakupa nafasi ya kupiga kwa nguvu bila sauti kupasuka. Kuna pia pikapu ambazo priampu iko ndani yake, kama za EMG, na hizo zinataka poti za kilo-omu 25. Ukiziacha na 250 za zamani, nobu itakuwa kama swichi: imefunguka au imefungwa, katikati hakuna kitu. Na kumbuka kuchomoa kebo ukimaliza, maana jeki ndiyo inayowasha betri.

Ukifika kwenye kununua

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, chukua bisibisi urekebishe kimo. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, uache nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na sumaku. Ya darajani ipandishwe kidogo kuliko ya shingoni, kwa kuwa inaona mwendo mdogo. Ukipandisha kupita kiasi, sumaku itauvuta uzi, noti zitayumba na mlio utafifia haraka. Besi kadhaa zimenenepa mikononi mwangu kwa kupunguziwa kimo, jambo ambalo wenyewe hawakulitegemea.

Nyuzi pia. Mpiga besi James Jamerson alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa za La Bella, na sehemu kubwa ya ule unene wa rekodi zake uko hapo na vidoleni mwake. Seti ya nyuzi bapa ni njia ya haraka ya kujua kama unachokitaka ni pikapu kweli.

Kama bado unaihitaji, mwenye Precision achague ya indaktansi ya wastani. Ile iliyozungushwa kupita kiasi itamnyima makali yanayoibeba noti. Mwenye Jazz ajaribu mfululizo kwanza, na anunue tu ikiwa mvumo ndio unaomsumbua. Apime urefu pia: pikapu ya darajani ya Jazz ya kawaida ni ndefu kuliko ya shingoni kwa kama milimita 2, na ukinunua mbili za shingoni utabaki na pengo kwenye mbao.

Mwenye mchanganyiko wa Precision na Jazz kwenye besi moja ana kazi zaidi. Pikapu ya Precision ni kubwa kwa sauti na haivumi. Ya Jazz ni ndogo na inavuma, na ya kwanza haiwezi kumfutia mwenzake mvumo. Ukizifungua zote kwa sambamba, ngumi ya Precision inapungua, na watu hushangaa kwamba kuongeza pikapu kumepunguza sauti. Hapo tafuta ya darajani yenye koili mbili zilizopangwa mfululizo, yenye nguvu ya kutosha kulingana na mwenzake, na uitumie kama kiungo, nusu nobu au chini yake.

Kuhusu sumaku, alniko na seramiki hubishaniwa sana. Seramiki mara nyingi huwekwa kwenye pikapu zilizokusudiwa kuwa kali, kwa hiyo ikapata sifa ya ukali. Mahali, mizunguko na muungano vinakupa tofauti kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kazi, rekodi mstari mmoja kwa pikapu za zamani, kimo na nyuzi vikiwa vilevile utakavyoviacha, maana sikio husahau ndani ya dakika chache na hupendelea kilichogharimu. Piga picha ya nyaya zote kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu. Usikate nyaya za pikapu unayoitoa karibu na mwili wake; ziache ndefu, izungushe kwenye kitambaa, uiweke mahali utakapopakumbuka. Mbili kati ya tatu nilizozitoa kwenye besi zangu zimesharudi zilikotoka.